Sista Zilpa Anyait, Aliyenipokonya Ufunguo wa Ambulensi

Sista Zilpa Anyait wa Chakol amefanya kazi miaka thelathini na tatu katika kituo chetu cha afya hapa Malaba, na tarehe thelathini Juni anastaafu. Walitaka karani aandike haya ya kumuaga. Nilikataa. Mimi Ejoku, dereva wa ambulensi, ndiye namjua, na kuandika si kugumu kuliko barabara ya matope.

Alianza wodi ya akina mama, akahamia kliniki ya presha na sukari. Trela zikikwama kwa foleni ya mpaka, anapita na kipimo chake akigonga kebini moja moja. Wanaume wazima wanajificha nyuma ya pazia. Anawapata.

Mimi presha yangu ilikataa kushuka. Dawa aina tatu, na bado 190. Sukari nayo ikaanza kupanda. Watu wakasema natema dawa, nikakasirika. Nilijiona mzima, maana nilikoroma mpaka jirani akasikia, na kwetu mwanamume akikoroma hivyo tunasema ameshiba.

Siku moja baada ya ugali wa mchana nikasinzia kwa benchi. Sista akanibana kidole na mashine ya kupima hewa. Nilikoroma, kisha pumzi ikasimama. Alihesabu sekunde arobaini na mbili, benchi zima likishuhudia. Namba ya hewa ikashuka kutoka 95 hadi 78, nikashtuka kama mtu ametolewa majini. Presha ilikuwa 210.

Akanieleza mbele ya wagonjwa: kukoroma kwangu si shibe, ni koo linaloziba usingizini. Kila upande wa shingo kuna kidude kidogo kama punje ya mchele, kazi yake kuonja hewa kwa damu. Hewa ikipungua kinapiga kelele: moyo ukimbie, mishipa ijikaze, ini limwage sukari. Kikishtuliwa kila usiku miaka na miaka, kinazoea kupiga kelele hata mchana, hewa ikiwa tele.

Hapo hapo simu ikalia. Mama wa kujifungua anatokwa damu kule Moding. Nikanyakua ufunguo. Sista akasimama mlangoni.

"Mzee, lete ufunguo. Ukisinzia kwa usukani utamuua."

Nikamwambia nimeendesha gari kabla yeye hajavaa hiyo nguo nyeupe.

"Basi umeendesha ya kutosha. Lete."

Nilimpa. Bwire wa maabara akaendesha, polepole kuliko mimi, lakini akamleta mama akiwa hai, na mtoto akazaliwa hapa.

Wiki mbili sikumsalimia Sista. Yeye akanitafutia nafasi hospitali kubwa, nikapewa mashine ya kupuliza hewa nikilala. Akanishonea na gunzi la mahindi mgongoni mwa fulana, nisilale chali. Miezi minne, presha ikafika 138. Akanirudishia ufunguo mwenyewe.

Mtoto wa Moding sasa anakimbia. Mama yake akinikuta sokoni ananishukuru mimi, akidhani dereva nilikuwa mimi, na nimekuwa nikiitikia. Leo naandika ukweli, usomwe mbele ya watu: aliyemwokoa ni Sista. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikibisha.

Asante, Sista. Ukae Chakol kwa amani, na afya uliyotupa sisi ikurudie wewe.