Nilivyoutazama Moto wa Fundi Asajile

Bwana asifiwe, wapendwa wangu! Ndaga fijo, asanteni sana kwa kunipa nafasi. Naitwa Tusekile, wa hapa Ngonga, najifunza kuchomelea vyuma. Ndiyo, mageti na madirisha, msichana mimi! Msicheke sana, mtanisahaulisha.

Ndugu zangu, tangu utotoni mimi ni mtu wa kuota mchana. Napalilia mpunga akili iko mawinguni, mama anapita ananikuta nimesimama kama nguzo. Nilipomaliza darasa la saba nilimsumbua mpaka akanipeleka Kyela mjini, kwa Fundi Asajile. Mzee yule alinipa sheria moja tu: "Moto ukiwaka, miwani machoni. Hata akipita malaika!"

Mwanzoni nilikuwa nashika chuma tu, yeye anachomelea. Lakini ule mwanga, jamani! Mweupe, una bluu ndani, kama nyota imeteremshwa ikakaa juu ya geti. Kwenye miwani nyeusi nilikuwa naona kidoa cha kijani basi. Siku moja nikaipandisha juu ya paji la uso, nikautazama. Akili ikapaa mawinguni tena: nikaona ziwa letu lote linang'aa, nikaona na meli, na aliyeiunga ni mimi. Asubuhi nzima nilitazama, raha tupu moyoni. Fundi, uso ndani ya kinga yake, hakuniona.

Jioni macho yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Kulipokucha hayakufunguka. Mama akalia, "Nilisema ukajifunze kushona nguo, gwe!" Zahanati wakaniwekea dawa, wakayafunga kwa kitambaa, wakasema tusubiri. Kusubiri! Mimi nilishajua nimekuwa kipofu.

Fundi akaja nyumbani kuniona. Akauliza, "Miwani ulivaa?"

"Nilivaa, baba."

Ndugu zangu, nilidanganya! Niliogopa atanifukuza. Kisha nikamsikia anamwambia mama, sauti imeshuka, "Basi ni miwani yangu mbovu. Nimempofusha mtoto wa watu. Sichukui tena mwanafunzi maishani." Akaaga. Nikasikia viatu vyake vinaburuzika uani.

Wapendwa, hapo ndipo nilipomwita Bwana. Nikasema, "Yesu, kama macho yamekwenda, yaende. Lakini mzee huyu asibebe uongo wangu." Sijui nguvu ilitoka wapi! Nikapiga kelele, "Baba Asajile, rudi! Niliivua mwenyewe!"

Akarudi. Nikamweleza yote, hadi ile meli. Nikangoja matusi. Akacheka mpaka akakohoa!

"Meli? Na hata bawaba hujaunga!" Akatulia, akasema, "Kesho uje na kitambaa chako hivyo hivyo. Masikio hayajaungua."

Mama akaniongoza kwa mkono. Nikakaa nje ya karakana, moto nimeupa mgongo. "Sikiliza," akasema Fundi. Moto ukienda vibaya unatema, unakwamakwama. Ukikaa sawa unalia chwaaa, taratibu, kama dagaa wetu wa usipa kwenye mafuta ya moto. Nilisikia! Baada ya muda nikaanza kumwambia, "Hapo sawa. Hapo umeharakisha, baba."

"Gwe, leo unanifundisha mimi?"

Nikawa kama naelea juu ya ile sauti, macho yamefungwa, moyo mwepesi kama pamba. Haleluya!

Siku iliyofuata kitambaa kikatolewa. Kwanza nikaona ukungu, halafu kijani cha migomba, halafu uso wa mama, na chozi linaning'inia kidevuni. Naona, ndugu zangu! Leo bawaba naunga mwenyewe, miwani imebana mpaka inaacha alama puani.

Asante Yesu. Asante mama. Asante Fundi wangu, yule pale benchi la nyuma, ameshaanza kucheka tena.

Nawe uliyekaa hapo, kama kuna mtu ameondoka kwako amebeba kosa lako, mwamini Bwana, usingoje ujasiri uje. Fungua mdomo hivyo hivyo unavyotetemeka. Mwite, kabla hajafika barabarani.