Mwenye Hotuba

Asubuhi, kwenye tramu namba kumi na tano ya Geneva, niliketi nyuma ya Lourdes Ayala, mjumbe wa nchi moja ndogo kwenye mkutano wa mataifa. Alikuwa akijisomea hotuba yake kwa sauti ya chini. Jirani yake, bwana mwenye beji ya chama cha kampuni za mtandao, akamwinamia. "Samahani dada, hapo pana koma. Vuta pumzi."

"Umejuaje?"

"Niliiandika mimi."

"Acha utani, bwana! Hii nimepewa na waziri wangu."

"Naye nilimpa mimi. Tunawasaidia tu, nyie mna kazi nyingi." Wema wa namna hiyo ni nadra siku hizi.

Lourdes akachomoa kalamu, akafuta aya nzima iliyoruhusu kampuni kuuza taarifa za wananchi bila kuwauliza.

"Utafukuzwa kazi, dada."

"Na wewe, wananchi walikuchagua lini?"

"Kuchaguliwa ni kazi yenu. Yetu ni kuandika."

Tramu ikasimama mbele ya bendera za mataifa. Lourdes akashuka haraka, hotuba kifuani. Yule bwana akamfuata polepole, simu sikioni. "Mheshimiwa Waziri," nilimsikia akisema, "samahani kwa kukuamsha, najua huko bado ni usiku."