Mwonja Chumvi

Kwenye basi la kwenda hospitali, mbele yangu walikaa fundi rangi na mama mshonaji, wasiojuana hata kwa sura. Kwa maneno yao wenyewe, saratani ilikuwa imesambaa mwilini mwa wote wawili, na wote walikuwa wamekubali kujaribiwa dawa mbili kwa pamoja: mama kundi la kwanza, la dozi ndogo, fundi kundi linalofuata.

"Dada, umetapika?" fundi aliuliza. "Kwani wewe ni mume wangu?" "Nyinyi mkistahimili, sisi tunaongezewa dozi. Hiyo yenu ndogo, mimi hainifai kitu." Mama akacheka. "Kumbe mimi ndiye mwonja chumvi!" "Basi onja vizuri, dada yangu." Sijapata kuona mtu akimtakia mgeni afya kwa uroho namna ile.

Mama alikunja vidole. "Tangu juzi vinakufa ganzi. Nikishona, sindano inaniponyoka." "Hiyo baridi tu. Usiwaambie madaktari, hawatatuongezea." "Na kama si baridi?"

Fundi alitazama nje, jua linachoma. Basi likasimama. "Lete mkoba nikubebee," alisema, "usije ukakudondoka mbele ya daktari."

Mama aliukumbatia. "Niachie. Ukidondoka, udondoke."