Kompyuta Isiyomjua Bwana Fridolin

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Wakulima wa Mpunga. Baba Paroko na Shehe wetu. Ndugu wageni waalikwa mliotoka vijiji vya Mbingu, Idete na Mngeta. Wafanyakazi wenzangu, kila mmoja kwa heshima yake. Na wazee wangu, shikamooni.

Mshereheshaji wetu, Bi Hajira, amesoma wasifu wangu, nami nimeusikiliza kwa makini, maana mtu aliyetajwa humo ningependa sana kukutana naye. Amesema Fridolin, mkuu wa kitengo cha kompyuta kwa miaka kumi na tisa, ndiye aliyeuokoa mtambo wa tahadhari ya mafuriko masika iliyopita. Ndugu zangu, leo ninastaafu. Nikiwadanganya tena, nitakuwa nadanganya kwa faida ya nani?

Mnakumbuka kompyuta ya zamani ilikufa mwezi Machi, ikaletwa mpya. Programu inayosoma kina cha mto na kuwatumia wakulima ujumbe wa simu ikabidi ijengwe upya humo. Tulipojaribu kuijenga, ikatoa makosa mia mbili na kumi na manne. Tulifanya nini? Tuliunda kamati. Kamati ikabadilisha nyaya, ikalaumu umeme, ikalaumu virusi, ikaandika barua Dar es Salaam, ikanywa supu siku tatu mfululizo.

Ndipo Eveline, fundi wetu wa cheo cha chini kabisa, akasimama. "Shikamoo mzee. Naomba tusome kosa la kwanza tu. Linasema kuna faili halikuonekana. Mengine yote yamezaliwa na hilo."

Nikamjibu mbele ya watu, "Binti, faili lipo, nimelinakili kwa mkono wangu. Kamati nzima isione, uone wewe?" Kesho yake nikamwandikia barua ya uhamisho, akasimamie maturubai ghalani Mngeta. Sababu niliyoandika: kuimarisha utendaji.

Wiki ileile mvua ikanyesha milimani, mto ukaanza kujaa. Wakulima wa Idete walikuwa mashambani, watoto wao vibandani, wakingoja ujumbe ambao hatukuwa na uwezo wa kuutuma. Nikajifungia chooni, nikampigia Eveline.

"Faili lipo, mzee," akasema taratibu. "Ila programu imeelekezwa ikalitafute kwenye folda yenye jina lako, kama ilivyokuwa kwenye kompyuta ya zamani. Hii mpya haikujui."

Maelekezo yale niliyaandika mimi, nikiamini hakuna kompyuta ya Umoja itakayoishi bila folda ya Fridolin. Nikarudi mezani, simu sikioni. Akanitajia njia sahihi, nikarekebisha mstari mmoja, na makosa yote yakaisha. Ujumbe ukaenda saa nane mchana. Jioni maji yalikuta vibanda vitupu. Nami nikapewa cheti, nikakipokea kwa mikono miwili.

Eveline hayupo hapa leo. Hakualikwa, kwa kuwa orodha ya wageni niliiandaa mimi. Bado anakunja maturubai Mngeta. Mheshimiwa Mwenyekiti, hii hapa barua ya kumrudisha na kumkabidhi kitengo. Nimeichapa asubuhi, imebaki saini yako tu. Kalamu ninayo, jukwaani sishuki kabla hujasaini, na pilau, ndugu wageni, itabidi itungoje.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana.