Shemeji Yangu na Kesho ya Kicheki

Niseme mapema kwamba nina hasira, asije mtu akadai hakuonywa. Kijiwe chetu ni benchi la nondo mbele ya karakana ya shemeji yangu. Alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya mageti ya watu, na limeinama upande mmoja, kwa hiyo ukikaa muda mrefu unaanza kumlalia mwenzako. Tunakaa wanne. Mwenye karakana tunamwita Cheche, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya shati lake lililojaa matundu. Waziri ni kinyozi wa kibanda cha pili. Hajawahi kuchaguliwa hata ujumbe wa mtaa, ila huyo haongei, anatangaza. Kimya ni dobi, na jina hilo tulimpa kwa kumsuta, maana hajui kunyamaza. Mimi ni fundi viatu, wananiita Gundi, na Cheche amemuoa mdogo wangu. Kahawa analeta mama mmoja mwenye birika kubwa, ambaye akisikia sauti zetu zimepanda anamimina taratibu, maana anajua leo hatuondoki.

Sasa sikia kilichonipandisha. Mdogo wangu yuko huko Ulaya kwa Wacheki mwaka wa tatu huu, anahudumia vikongwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Mwaka jana alikuja likizo akaondoka na binti yao, Kidoti. Cheche alitakiwa awafuate. Karakana moja ya huko ilishakubali kumchukua, sharti awe anaelewa Kicheki kidogo. Bwana mkubwa akaanza masomo ya kusikiliza kwenye simu. Salamu akamaliza. Kuhesabu akamaliza. Akafika kwenye wakati ujao, akaweka kambi. Kila ukimuuliza safari imefikia wapi, anakujibu, "Bado niko kwenye wakati ujao." Mwaka mzima! Asubuhi ya siku ninayoisimulia mdogo wangu akatuma ujumbe kwamba jioni atapiga, na atakayezungumza ni mtoto. Kiswahili kimeanza kumtoka mtoto. Atamuuliza baba yake kwa Kicheki kama anakuja, na baba amjibu kwa Kicheki hichohicho, mtoto asikie kwa masikio yake mwenyewe, kwa sababu yeye mama amechoka kumtafsiria ahadi.

Nilifunga kazi mapema nikaenda kumsimamia.

Mimi: Haya, tusikie. Mtoto akikuuliza utamjibu nini?

Cheche: Usinisukume, shemeji. Hii lugha ina mambo yake.

Mimi: Mambo gani? "Nitakuja." Neno moja tu hilo!

Cheche: Kwetu ni moja. Wao kila kitendo kina pacha. Pacha mmoja ni wa kazi inayoendelea, mwingine ni wa kazi inayokwisha. Huyu wa kuendelea unamtangulizia budu. Budu svařovat, yaani nitakuwa nachomelea. Nitachomelea tu. Kumaliza sijakuahidi.

Kimya: Ehee. Na huyu wa kumaliza?

Cheche: Huyo hataki budu kabisa. Unasema svařím. Nitachomelea, na geti lako utaondoka nalo.

Kimya: Sasa budu yake imekwenda wapi?

Cheche: Hana, hajawahi kuwa nayo. Umbo lake ni kama la wakati wa sasa, lakini maana inakwenda mbele. Kwa sababu, fikiria mwenyewe, huwezi kuwa unamaliza sasa hivi. Ama umeshamaliza, ama utamaliza.

Nikamwambia hapo ameeleza vizuri, hata mimi nimeelewa, kwa hiyo tatizo liko wapi? Cheche akaomba kahawa. Huyu mtu ukimbana anaomba kahawa.

Waziri akakohoa. Akikohoa Waziri, ujue kuna tangazo.

Waziri: Ndugu zangu, hayo ni mambo ya utawala. Budu ni ya kabla ya uchaguzi. Tutakuwa tunajenga barabara. Tutakuwa tunaleta maji. Huyo pacha wa pili ni wa siku ya kukata utepe, ndiyo maana husikii akitumika.

Kimya: We acha siasa zako. Mimi nimekaa nikafikiria, na nakwambieni hii lugha imetungwa na wateja.

Mimi: Wateja gani?

Kimya: Wateja! Watu wa huko walionewa na mafundi mpaka wakachoka. Unampelekea dobi shuka, anakwambia nitafua. Unarudi, anakwambia si nilikwambia nitafua, na kweli nafua, ziko kwenye beseni. Wakaitisha kikao. Wakasema kuanzia leo, kila fundi ataje, unafua au unafua ukamaliza? Cheche, kufua wanasemaje?

Cheche: Budu prát, nitakuwa nafua. Vyperu, nitafua zitakate.

Kimya: Mnaona! Mimi vyperu siwezi kuitamka mbele ya mteja hata kwa mtutu. Naweza kufungwa kwa neno kama hilo.

Waziri: Na kunyoa?

Cheche: Budu stříhat. Au ostříhám.

Waziri: Hiyo ya pili nitaitumia. Mimi kichwa sikiachi nusu.

Kimya: Hukiachi nusu? Na yule bwana harusi umeme ulipokatika?

Wakaanza kutukanana kuhusu bwana harusi. Nikapiga benchi kwa kiganja, kahawa ikamwagika. Nikawaambia mimi sikuja hapa kucheka. Kuna mtoto wa miaka sita anapiga simu muda wowote kutoka sasa, na baba yake anafundisha madobi kufua!

Mimi: Rudi kwenye kuja. Kuja wanasemaje?

Cheche: Hapo ndipo penye kazi. Wanataka kujua unakwenda na nini. Kwa miguu ni půjdu. Kwa gari ni pojedu. Kwa ndege ni poletím.

Waziri: Hilo ni la usalama wa taifa. Ukisema tu umeondoka, wameshajua wakuwekee askari kituo gani.

Kimya: Hapana, ni baridi. Wakikusikia půjdu wanajua unakuja kwa miguu kwenye barafu, wanakuchemshia maji kabisa.

Waziri: Na anayefukuzwa nchini? Huyo anasema nini?

Kimya: Huyo anasafirishwa bila neno.

Mimi: Nyamazeni! Cheche, la kufika. La kukuona umesimama mlangoni kwa mwanao.

Cheche: Přijedu.

Alilitamka safi kabisa. Sikuamini. Neno dogo hivyo, mwaka mzima!

Mimi: Basi ndilo hilo! Sema tena.

Cheche: Budu… budu přijedu.

Mimi: Budu imetoka wapi tena?

Cheche: Imeniponyoka.

Mimi: Dakika hii umesema pacha wa kumaliza hataki budu! Umetufundisha wewe mwenyewe! Mimi mshona kandambili nimeshajua havikai pamoja, wewe mwenye mke huko hujui?

Cheche: Shemeji, usinipigie kelele mbele ya karakana yangu.

Mimi: Nitakupigia mpaka zile bati zidondoke! Mdogo wangu ana mgongo mbovu kwa kubeba wazee wa watu. Anatoka kazini giza, anaingia kazini giza. Mtoto anakufungua kwenye simu kama katuni. Na wewe unakunywa kahawa na pacha!

Mama wa kahawa akaweka birika chini. Cheche alikuwa ameinamisha kichwa, anabandua magamba ya kidonda cha kuungua kwenye kidole. Nilitaka ajibu, anitukane hata, tumalize. Lakini Cheche kumpinga mtu hajazaliwa nako. Ndani ya karakana yake kuna mageti ya watu mpaka mlangoni, madirisha, vitanda, jiko la mama ntilie lililopata kutu likisubiri. Mtu akimletea kazi asiyoiweza, Cheche hasemi siwezi. Anasema lete, iache hapo, njoo kesho. Sisi mafundi wote tuna ugonjwa huo, mimi mwenyewe nina viatu vya watu chini ya meza ambavyo wenyewe wameshahama mji. Ila yeye amezidi. Tangu nimjue, sijamsikia akimwambia binadamu yeyote neno hapana.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mmoja tusiyemjua, amebeba stuli ya chuma yenye mguu uliokatika. Akatusalimia. Cheche hakuinua hata macho.

Cheche: Iache hapo, mama. Njoo kesho.

Mwanamke: Kesho nitaikuta imeungwa, au nitakuja niambiwe kesho?

Kimya alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia mama, wewe kumbe Mcheki. Yule mwanamke hakuelewa, akauliza mbona wanaume wazima tunagombana njiani. Waziri akasimama, akavuta shati, akamtangazia mambo yote tangu mwanzo. Mke, mtoto, karakana ya huko, mapacha, budu, ndege na miguu. Alimaliza kwa kusema sisi kama kijiwe tumejitolea kumsaidia mwenzetu avuke wakati ujao.

Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho huku stuli iko mkononi. Kisha akamtazama Cheche.

Mwanamke: Na huyu mwenyewe, anataka kwenda?

Kimya akanitazama mimi. Mimi nikaona ni swali la kijinga, nikajiandaa kumjibu kwa ukali kwamba mke wake yuko huko, mtoto wake yuko huko, anataka vipi tena? Halafu nikageuka kumwangalia shemeji yangu, ili aniunge mkono. Alikuwa analia. Si kwa sauti. Machozi yanashuka tu kwenye masizi, naye hayafuti.

Mimi: Cheche?

Simu ikaita.

Spika ya sikioni ya simu yake ilishakufa, kwa hiyo akipigiwa yeye tumepigiwa wote. Alipokea. Uso wa Kidoti haukuonekana vizuri, mtandao ulikuwa mbovu, ila sauti ilikuja wazi.

— Tati, přijedeš?

Baba, utakuja? Kila mtu pale benchini alielewa. Jioni hiyo tulikuwa tumefundishwa sote. Nilijikuta midomo yangu inacheza bila sauti, přijedu, přijedu, kama namlisha. Kimya naye vivyo hivyo. Cheche akavuta pumzi.

Cheche: Mpe mama simu.

Mtoto hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Akauliza tena. Cheche akasema, "Mama. Mama." Ikasikika kelele ya sahani, kisha mdogo wangu.

— Umemjibu nini?

Cheche: Mke wangu, mimi huko sitaki.

Nilisimama. Waziri alinivuta shati nikakaa. Tukawa tunasikia bomba la maji linamwagika nyuma ya mdogo wangu.

Cheche: Nimejifunza, kweli. Hata hilo neno nalijua. Ila hapa mtu akipita na geti bovu ananitafuta mimi. Huko nitakuwa nani? Nitakuwa mtu wa kuonyeshwa choo. Nilikuwa naogopa kukwambia.

— Tangu lini?

Cheche: Tangu mwanzo.

Bomba likafungwa. Namjua mdogo wangu. Akikasirika kidogo anapiga kelele mtaa mzima usikie, akikasirika sana anazungumza polepole. Aliongea polepole.

— Mwezi uliopita mkataba wangu uliisha. Hukujua, kwa sababu nilitaka nikushtue. Nilikuwa nimeshafunga mabegi, mimi na mtoto. Tunarudi. Nikakupigia, ukaniambia umebakiza wakati ujao tu. Nikaona mwenzangu anahangaika vile kwa ajili yetu, mimi nitamvunjaje moyo? Nikafungua mabegi. Nikasaini miaka mingine mitatu.

Yule mwanamke alikuwa bado ameshika stuli yake.

— Ungesema neno moja tu, saa hizi tungekuwa tumekaa hapo.

Cheche alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Mimi hasira zote nilizokuja nazo nikatafuta pa kuzipeleka. Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi. Nikataka kumwambia mdogo wangu auvunje huo mkataba, arudi hivyohivyo, nikakumbuka kwamba sijui mikataba ya huko inavunjwaje, na kwamba mdomo wangu umeshasema ya kutosha kwa siku moja.

Nyuma kule tukasikia miguu ya mtoto inakimbia sakafuni, halafu sauti yake karibu na simu.

— Mami, co říká táta?

Mama, baba anasemaje? Cheche akatuangalia mmoja mmoja, kama kati yetu kuna anayejua la kumjibu. Mtoto akauliza tena.