Fundi Alute na Mita Zake Tatu za Njano

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Punguzeni kidogo kelele huko jikoni, tumkumbuke Fundi Alute wa Utemini. Fundi Alute wa redio na betri, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na nne.

Mnaikumbuka miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa? Mwaka 1993 maduka ya Singida mjini yalijaa vitu ambavyo jana yake hatukuvijua. Saa za plastiki, kandambili za kung'aa, na zile mita ndogo za njano za kupimia umeme, zenye namba kwenye kioo. Alute akanunua tatu. Mkewe, mama Anastasia, anasema siku hiyo alikula ugali mita ikiwa pembeni ya sahani. Aliringa nazo huyo, acha tu.

Basi zahanati moja ya Mungaa ikamwita. Taa ya sola ya chumba cha kujifungulia haikuwaka. Alute akapima betri, mita ikasema volti kumi na moja nukta moja, na betri nzima hupita kumi na mbili. Akatangaza betri imekufa, akadandia lori kurudi mjini.

Siku tisa muuguzi Yasinta alizalisha kwa koroboi. Siku tisa, wapendwa. Mara moja koroboi ilizimika kichwa cha mtoto kikiwa kinatoka. Mtoto alipona, lakini Yasinta aliniambia tangu hapo aliwasha koroboi mbili.

Siku ya kumi Alute akapima betri ya gari aliyokuwa akisikilizia redio dukani kwake. Mita ikasema imekufa. Redio nayo inaimba! Akatoa zile mbili nyingine, akapima betri ileile. Mita tatu, katoni moja, rangi moja, majibu matatu. Mbili zilipishana kidogo tu. Ile aliyokwenda nayo Mungaa ilikuwa chini kabisa, peke yake.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lori siku hiyo hakuna. Akakanyaga baiskeli mpaka Mungaa, akasimama mbele ya Yasinta na akina mama wa kliniki.

"Betri yenu ni nzima," akasema. "Niliyekosea ni mimi."

Ubovu ulikuwa waya uliolegea kwenye swichi. Akaukaza, taa ikawaka.

Tangu hapo mafundi wenzake walimletea kila mita mpya. Aliipima pamoja na nyingine, akaiandika mgongoni kwa rangi ya kucha ya mkewe: hii inapunguza nusu volti, hii inazidisha robo. Mama Anastasia anasema mwaka mzima kucha zake hazikuona rangi. Na Alute hakupima tena kitu kwa mita moja. Tulimcheka, tukamwita Bwana Tatu. Jamani, nalikumbuka lile duka.

Mwezi uliopita alilazwa. Binti yake Jenifa anasimulia kuwa muuguzi alimpima presha, akakuta imeshuka mno. Mzee akaomba kwa adabu kipimo kingine. Kisha akaomba cha tatu, na muuguzi, Mungu ambariki, akakifuata wodi ya jirani. Vyote vikatoa jibu moja.

"Vimekubaliana," mzee akamwambia Jenifa. "Waite ndugu zako."

Waliwahi wote kumuaga.

Mama Anastasia, Jenifa, na ndugu zangu wa Utemini, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize: yupo nani tuliyemhukumu kwa kipimo kimoja, na mpaka leo hatujarudi kumwambia tulikosea? Turudi kwake, hata kama lori hakuna.