Usinitilie Mbuzi: Maisha ya Kahaso Randu, 1985–2025

Wasifu huu umeandikwa na mjomba wake, Ziro Thoya, na kusomwa naye nyumbani kwa marehemu, Shimba Hills, Jumamosi tarehe 22 Machi 2025.

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, ndugu waombolezaji, nimesimama hapa na kisa ambacho hakuna kati yenu atakayekisadiki. Marehemu aliusoma wasifu wake mwenyewe kabla hajafa. Aliniagiza niuandike mwezi wa Januari, akiwa kitandani, nami nikamwambia maneno hayo ni uchuro. Akasema, "Uchuro ni kukuacha wewe uandike pasipo mtu wa kukuangalia." Basi niliandika, nikampelekea, naye akashika penseli. Familia imeamua alipokosoa pasifutwe. Mimi nitasoma ya wino, na palipo na penseli atasoma binti yake Mutheu, huyu aliyesimama ubavuni kwangu. Mtanivumilia. Shule niliiacha darasa la sita, kwa kuwa walimu walikuwa wamekwisha kunifundisha yote waliyoyajua.

Penseli: "La tano."

Marehemu Kahaso Randu alizaliwa tarehe 7 Agosti 1985 katika hospitali ya Msambweni, mtoto wa pekee wa Bwana Randu Kombe na Bi. Faith Thoya, ambaye ni dada yangu. Watu wa Randu walitoka Ganze wakaja kukaa Gazi kwa ajili ya kazi ya uashi. Nilikuwapo siku aliyozaliwa. Alitoka macho wazi, na mimi nilipoinama kumtazama alinikazia macho kama mtu aliyekaa nyuma yako ukamziba asione picha.

Alianza shule ya msingi pale Gazi mwaka 1992, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003. Hizo ndizo shule zilizompa vyeti. Lakini shule iliyomfunza, na iliyomwumiza, ilikuwa banda langu la vidio.

Vijana wa leo hamlijui banda lile. Lilikuwa la makuti, na ndani mna televisheni moja, deki moja na jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Kanda zangu hazikuwa za mapigano kama za mabanda mengine. Nilikuwa na rafiki aliyesafisha vyumba katika hoteli za Diani, naye aliniletea kanda zilizosahauliwa na wageni. Wageni walitoka kila pembe ya dunia, kwa hiyo tuliona filamu kuukuu za nchi ambazo hata mwalimu mkuu hakuweza kuzionyesha kwenye ramani. Nami nilikaa kando na kipaza sauti, nikiwatafsiria watu. Nilikuwa nimeosha vyombo hotelini miaka minne, na nilijua lugha saba.

Penseli: "Salamu za lugha saba."

Ni kweli. Sikuwa nikielewa wanasema nini. Nilitazama midomo yao nikaitilia maneno. Watu wakigombea shamba, mimi niliwageuza kuwa kesi ya mahari, na banda zima likaondoka limeridhika.

Mwezi wa Machi 1994 Randu aliaga, akaenda Malindi kutafuta kazi. Alimwambia mwanawe kwamba atarudi na mbuzi. Hakurudi. Tulimtafuta Malindi, tukamtafuta Watamu, na mpaka leo hii hatujui kama yu hai.

Likizo ya Agosti ya mwaka huohuo niliweka kanda moja isiyokuwa na jina. Ilikuwa filamu isiyo na rangi. Bibi mmoja mzee anatembea katika theluji, amebeba kiti mgongoni, anakwenda stesheni ya reli. Anakiweka kiti, anasimama kando yake. Jua likishuka anakibeba anarudi nacho. Kesho yake vivyo hivyo. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba anamngoja mwanawe aliyekwenda vitani, na kiti ni cha mwanawe akifika apumzike. Kahaso alikuwa na miaka tisa, amekaa mbele kabisa juu ya jamvi. Zilipobaki kama dakika kumi, deki ikaitafuna kanda. Skrini ikajaa chenga. Watu wakapiga kelele, isipokuwa mtoto yule. Nilimwona mabega yanatikisika.

Basi kinywa changu hiki, ambacho mama yangu alisema kitazikwa siku ya pili baada ya mimi kuzikwa, kikaendelea. Nikasema, "Treni inasimama. Mlango unafunguliwa. Mwanawe huyo anashuka, na kwapani amemkumbatia mbuzi." Banda likapiga makofi. Kahaso akajifuta uso.

Jumamosi iliyofuata dada yangu alimkuta kwenye stendi ya Gazi, kando ya barabara kuu, ameshika kamba ya katani.

"Wafanya nini hapa, Kahaso?"

"Namngojea baba na mbuzi. Nimekuja na kamba ya kumfungia."

"Nani kakwambia baba anakuja leo?"

"Yule bibi wa kiti alingoja, na mwanawe akaja."

Alikwenda pale kila Jumamosi mpaka katikati ya mwaka 1996. Nilikuwa nikipita na baiskeli, namwona. Nilipiga kengele nikapita. Ningaliweza kusimama nikamwambia, "Mwanangu, sikuuona mwisho wa filamu ile, maneno yale niliyatunga." Sikusimama hata mara moja. Jambo hilo sijapata kulisema mbele ya watu, na nalisema leo kwa sababu ndilo sharti alilonipa.

Penseli: "Sawa."

Mwaka 2004 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani upande wa dobi, na baadaye akawa mtunza stoo ya mashuka. Wageni waliendelea kusahau filamu zao, sasa za sahani badala ya kanda, na zilipokosa mwenyewe yeye aliziomba. Mwaka 2012 alianzisha Jamvi la Gazi. Kila mwezi, Jumamosi moja alasiri, walikutana katika darasa la chekechea. Kila mwanamke alikuja na leso mbili za kuziba madirisha, shuka kuukuu la hoteli likatundikwa ukutani, na watu wakatazama filamu ambazo dunia imekwisha kuzisahau. Palipokuwa na maandishi chini ya picha, yeye aliyasoma taratibu kwa Kiswahili. Pasipokuwa na maandishi, kila mtu alitumia macho yake. Kipaza sauti nilikatazwa.

Baada ya filamu ilikuja chai, na baada ya chai mazungumzo, yaliyokuwa na kanuni moja tu: sema ulichokiona. Ukisema jambo ambalo halikuwako kwenye shuka, wote watakuuliza kwa pamoja, "Uliona wapi?" Siku moja ilionyeshwa filamu ya mtu anayechimba kisima muda wa saa mbili nzima, na maji hayapati. Mimi nikasema mtu yule ni mvivu.

"Uliona wapi?" wakaniuliza.

Mzee Dzombo, aliyekuwa mkata boriti na sasa anapanda mikoko, akaweka kikombe chini. Akasema, "Mimi nimemwona mkewe. Siku ya kwanza alileta chakula, siku ya pili akaleta. Kuanzia ya tatu hakuja tena. Mwanamke yule alijua mapema kwamba hapana maji."

Kahaso akasema, "Mzee Dzombo, filamu hii nimeitazama mara nne, na yule mke sikumwona." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeokotewa kitu chake. Hilo ndilo alilolipenda, mtu wa mikoko kumwonyesha jambo katika filamu ya nchi ya mbali. Waliomjua watakubaliana nami.

Penseli: "Hapa hujaongeza kitu. Unaumwa?"

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Bwana Mulwa, mtoto wa familia hii ya Shimba Hills, aliyekuwa akileta machungwa jikoni pale hotelini. Wachumba wengine walikuja kabla yake. Kahaso alimwonyesha kila mmoja filamu moja ndefu ya wachunga farasi, kisha akamwuliza ameonaje. Wote waliisifu. Mmoja alisifu hata wimbo, na filamu haikuwa na wimbo. Mulwa alipoulizwa alisema, "Mimi sitakudanganya, nililala. Nililala tangu yule farasi aanze kunywa maji." Kahaso akaja nyumbani akamwambia mama yake kwamba amepata mume. Bwana Mulwa, umelala katika filamu nyingi tangu siku ile, na mkeo hakupata kukulaumu.

Miaka yote hiyo alikuwa akiitafuta filamu ya kiti. Aliandikiana kwa simu na wapenzi wa filamu kuukuu walioko ng'ambo, watu asiowajua sura. Aliwaeleza kila kitu: bibi, kiti, theluji, stesheni, na mwana anayeshuka na mbuzi. Hakuna aliyeijua. Waliichambua nchi moja baada ya nyingine, wakasema filamu yenye mbuzi wa namna hiyo haiko. Mwaka 2019 mama mmoja katika kundi lao, mwalimu mstaafu, akamwuliza kama ana hakika na mbuzi. Kahaso akanijia nyumbani.

"Shikamoo Mjomba. Yule mbuzi ulimwona?"

"Marahaba. Nilimwona kwa macho yangu haya."

"Rangi gani?"

"Mweusi, ana baka jeupe hapa shingoni."

Alinikazia macho kama siku ile aliyozaliwa, akaaga. Akaenda akamwandikia yule mama kwamba amtoe mbuzi, na amtoe mwana. Haikupita wiki mbili filamu ikapatikana. Kwa hiyo ndugu zangu, iliyoificha filamu ile miaka ishirini na mitano haikuwa theluji wala ugeni wa lugha. Alikuwa mbuzi wangu.

Tuliitazama Jumamosi tarehe 14 Septemba 2019, tukiwa watu kumi na mmoja. Kahaso alisoma maandishi. Bibi yule hakuwa na mwana. Aliazima kiti kwa jirani, jirani akahama kwa treni kabla hajarudishiwa, na bibi anakipeleka stesheni kila siku akitumaini kumwona apite akabidhiwe chake. Zikafika zile dakika kumi zilizoliwa na deki yangu. Treni inakuja. Haisimami. Inapita na madirisha yake yote. Bibi anaitazama mpaka inapotea, kisha anakiweka kiti sawasawa, anakikalia, anatoa mkate mfukoni, anakula. Ikaisha.

Chai ilipoa. Mzee Dzombo akasema, "Amekaa. Siku zote zile hakukikalia, kwa kuwa si chake." Hakuna aliyemwuliza aliona wapi.

Ndipo Kahaso akanigeukia. "Mjomba, mbuzi yuko wapi?"

Nikasema ya mbuzi yote, mbele ya watu kumi; ya baiskeli sikuyasema. Nikasema kanda ilikatika na yeye alikuwa akilia. Nilitaraji matusi, na ningaliyastahili. Yeye akasema, "Miaka miwili nilisimama pale stendi, Mjomba. Ningalijua kwamba mwisho ni huu, ningalikaa." Kisha akanimiminia chai nyingine. Kama alinisamehe sikujua, na kuuliza niliogopa.

Alianza kuugua figo mwezi wa Juni 2023. Aliacha kazi, akawa anapelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Mulwa hakukosa hata safari moja. Jamvi halikusimama, mara tatu walihamia hapa uani, wakatundika shuka kwenye ukuta wa jikoni ili aone kutoka kitandani kwake. Aliponiagiza niuandike wasifu huu alisema, "Andika ilivyokuwa. Usiseme nilikuwa jasiri, nilikuwa naogopa. Mwisho wangu usinitilie mbuzi."

Aya hii ya sasa haina penseli. Nimeiandika peke yangu, kwa hiyo nimeiandika polepole. Kahaso alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, hospitalini. Hakutabasamu. Hakuacha maneno; alikuwa hasemi tangu jana yake. Mulwa alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mkono ulikuwa na sindano. Mimi sikuwapo chumbani. Nilikuwa nimetoka kununua chai, nikarudi na vikombe viwili, nikakuta shuka limefunika uso. Kando ya kitanda palikuwa na kiti kitupu. Nilishindwa kukikalia. Nilisimama pale na vikombe vyangu mpaka muuguzi akanipokea. Hayo ndiyo niliyoyaona.

Aya ya mwisho niliiandika Februari, naye aliipitia. Ameacha mumewe, Bwana Mulwa; watoto wake, Mutheu na mdogo wake Mwangangi; mama yake, Bi. Faith Thoya, na baba yake, Randu Kombe, popote alipo. Ameacha pia wanachama wa Jamvi la Gazi wapatao mia mbili.

Penseli: "Kumi na wanne, na wewe ndani."

Apumzike kwa amani mpwa wangu, aliyesimama sana akiwangojea wasiokuja. Na huko aendako ajue kwamba mjomba wake, tangu siku ile ya Septemba, hajaongeza tena neno lolote juu ya jambo lolote, hata mara mo—

Penseli: "Uliona wapi, Mjomba? Basi, kaa."